"Sijui niiweke au niitoe": mnaanzia wapi na mtu wa namna hii?

APS_Kadutu anauliza:

Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Naomba msaada wa kazi kwa wanaofanya huduma hizi Bukavu, Goma, Lubumbashi, popote mlipo.

Mimi ni APS (msaidizi wa kisaikolojia na kijamii) mpya kwenye kituo cha afya upande wa Kadutu, hapa Bukavu, Kongo (RDC). Wapo wanawake wanaofika wameshakata shauri, iwe kuiweka mimba au kuitoa, na hao najua pa kuwaelekeza. Anayenishinda ni yule anayekaa, anashika pembe ya kitenge, anasema: "Sijui. Wewe ungefanya nini?" Kwenye mafunzo tuliambiwa tumsikilize, tusimwamulie. Sawa. Lakini mtu asiyejua aanzie wapi ukimsikiliza tu, atazunguka palepale mpaka wiki ziishe.

Mnaanza na swali gani? Sheria yetu inaruhusu nini hasa, maana manesi wazee hapa wanasema ni gereza tu, na vijana wanasema tangu Mkataba wa Maputo, ule wa Afrika kuhusu haki za wanawake, kila kitu ni ruhusa? Na kinachofanyika hospitali nimweleze vipi bila kumtisha wala kumdanganya? Mabishano ya dini tuyapeleke kwingine, tafadhali.

Mkunga_Bagira:

Dada, anza na tarehe. Kabla ya familia, kabla ya sheria, hata kabla ya machozi. Mwanamke asiyejua mimba ina wiki ngapi hajui amebakiza muda gani wa kufikiri, na hofu hiyo ndiyo inayomfanya akubali lolote analoambiwa usiku huohuo.

Kipimo cha mkojo kwanza, hata kama anaapa kwamba ana mimba. Hedhi huchelewa kwa ugonjwa, kwa njaa, kwa mawazo, kwa sindano ya uzazi wa mpango. Kipimo kinaaminika kuanzia siku hedhi ilipotakiwa kuja. Kikifanywa mapema kinaweza kusema hamna na kumbe imo. Mkojo wa asubuhi ndio mzuri. Kikisema hamna na hedhi bado haijaja, arudi baada ya wiki moja.

Halafu hesabu wiki kutoka siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, usihesabu kutoka siku aliyolala na mwanaume. Mweleze hilo mapema, kwa sababu hapo nyumba nyingi zinawaka moto: msichana anajua ni wiki sita, ekografi (mashine ya kupiga picha ya tumbo) inasema nane, kijana anaruka kwamba si yake. Wiki mbili hizo ni za namna ya kuhesabu tu.

Mitego ni miwili. Wa kwanza ni damu kidogo ya siku moja au mbili ambayo mwanamke aliihesabu kuwa hedhi. Mwulize ilikuwa nyingi kama kawaida yake? Ilikaa siku zake za kawaida? Kama sivyo, rudi kwenye hedhi iliyotangulia, na mimba inakuwa imekua karibu mwezi mzima mbele yako. Wa pili ni anayenyonyesha au aliyekuwa kwenye sindano: mimba inaweza kuingia kabla hedhi haijarudi hata mara moja, kwa hiyo hana tarehe ya kukupa. Huyo apimwe tumbo kwa mkono. Kizazi huanza kuguswa juu ya mfupa wa kinena karibu wiki ya 12, na hufika kitovuni karibu wiki ya 20. Ekografi haidaiwi na OMS (Shirika la Afya Duniani) kwa kila mtu, ila tarehe na tumbo vikikataana, mtume. Na zungumza na fundi wa ekografi kabla: asimgeuzie skrini wala asimsikilizishe moyo bila yeye mwenyewe kuomba. Kuna anayetaka kuona, kuna asiyetaka.

Ukishapata wiki, mwandikie kwenye karatasi tarehe atakayofikisha wiki 12 kamili, yaani siku 84. Tarehe hiyo inatuliza kuliko maneno. Mwenye wiki saba anaona kwamba hana haja ya kuamua leo jioni. Mwenye kumi na moja anajua kwamba mazungumzo yenu ya pili ni keshokutwa, sio mwezi ujao.

Sasa upande wa huduma, kwa yule ambaye sheria inamruhusu (Metre, wakili wetu, atakuja kueleza). Chini ya wiki 12 kuna njia mbili.

Vidonge: mifepristoni miligramu 200 ya kumeza, na baada ya siku 1 au 2 misoprostoli mikrogramu 800, yaani vidonge vinne vya 200, chini ya ulimi, ndani ya mashavu au ukeni. Ya kwanza inaizuia homoni inayoshikilia mimba, ya pili inakaza kizazi. Damu na maumivu huja saa chache baada ya misoprostoli. Mwambie ukweli: damu itapita ya hedhi, na mabonge yatakuwepo, kisha itapungua, na matone yanaweza kuendelea wiki mbili au zaidi. Kutetemeka, joto la muda mfupi na kuhara ni kazi ya misoprostoli, hupita. Ibuprofeni inashinda parasetamoli kwa maumivu haya, na haipunguzi nguvu ya dawa. Apewe kabla maumivu hayajapanda. Mifepristoni ikikosekana, misoprostoli peke yake inatumika kwa kurudia dozi, ila inashindwa mara nyingi zaidi kuliko zikiwa mbili.

Njia ya pili ni AMIU: mrija wa plastiki na sirinji kubwa inayovuta kwa mkono. Kazi yenyewe ni dakika 5 hadi 10, kwa ganzi ya lidokaini kuzunguka mlango wa kizazi na antibiotiki kabla. Anapumzika, anarudi kwake siku hiyohiyo.

Kuchagua kati ya hizo mbili ni sehemu ya kuamua, na wengi hawaulizwi. Mwulize analala wapi. Msichana anayelala chumba kimoja na wadogo zake wanne, choo ni cha kupanga foleni na majirani, atavujaje damu kwa muda wa saa sita bila mtu kujua? Huyo AMIU inaweza kumfaa. Aliyebakwa na hataki kuguswa tena, vidonge vinaweza kumfaa zaidi. Kituo kikikuambia kina kiretaji ya chuma tu (kukwangua kizazi), mpeleke kwingine. OMS ilishasema iachwe, inaumiza kizazi kuliko AMIU.

Kabla ya vidonge uliza: ana kitanzi ndani? Kitolewe kwanza. Ana ugonjwa wa damu kutoganda, au anatumia vidonge vya kotikosteroidi muda mrefu? Daktari aamue. Ana maumivu makali ya upande mmoja, au anazimia? Simama hapo. Mimba iliyo nje ya kizazi haitolewi na vidonge hivi, na inaua kwa damu inayomwagika ndani ya tumbo.

Na alama za kurudi mbio, azijue kwa kichwa: kotekisi (pedi) mbili kubwa kulowa kabisa kila saa, saa mbili mfululizo, homa ya 38 au zaidi inayoendelea saa 24, uchafu unaonuka, kuzimia, maumivu ya begani. Na pia kinyume chake, ambacho watu husahau: saa 24 baada ya misoprostoli na hakuna damu kabisa.

Metre_Nyawera:

Wazee na vijana wa kituo chako kila mmoja ameshika nusu.

Kanuni ya Adhabu haijabadilika. Kifungu cha 165 kinamtishia anayemtoa mwanamke mimba kwa miaka 5 hadi 15, cha 166 kinamtishia mwanamke mwenyewe kwa miaka 5 hadi 10. Lakini Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 215, inasema mkataba wa kimataifa uliokubaliwa kihalali, ukishatangazwa, unazidi nguvu sheria za nchi. Mkataba wa Maputo ulipitishwa tarehe 11 Julai 2003. Kwetu ulitangazwa kwenye Gazeti Rasmi Machi 2018, na tarehe 6 Aprili mwaka huohuo mkuu wa Baraza Kuu la Mahakimu akawaandikia mahakimu na parke (waendesha mashtaka) kwamba kifungu cha 14 kitumike. Wizara ya Afya nayo ikatoa kanuni na miongozo ya huduma hiyo. Nakala yake iwe kwenye kabati la kituo. Nesi anayeogopa haogopi sheria yote, anaogopa kwa sababu hana karatasi ya kuonyesha.

Kifungu cha 14, aya ya 2(c), kinataja: shambulio la ngono, ubakaji, ngono ya maharimu (ndugu wa karibu), mimba inayohatarisha afya ya akili na ya mwili ya mama, au inayohatarisha maisha ya mama au ya kilicho tumboni. Basi. Umaskini, masomo, bwana aliyetoroka, havikutajwa. Afya ya akili imetajwa, na anayeipima ni daktari. OPJ (polisi mpelelezi) hana sehemu hapo.

Angalia mambo haya.

Umri. Sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na kulala naye ni ubakaji hata kama alikubali. Kwa hiyo msichana wa 16 mwenye mimba ya mpenzi wake wa 19 yumo ndani ya Maputo. Ila faili hiyohiyo inaweza kumpeleka kijana gerezani, na msichana ana haki ya kujua hilo kabla hajasimulia. Na zile meza za "tumalizane kifamilia", mbuzi wawili na dola kadhaa: sheria namba 06/019 ya siku hiyohiyo inakataza faini ya makubaliano kwenye makosa ya ngono.

Karatasi ya polisi. Mwongozo wa OMS unataka huduma itolewe kwa kauli ya mwanamke mwenyewe, bila kungoja polisi wala ushahidi wa maabara. Kushitaki ni haki yake, isigeuzwe mlango wa kupita. Anayetaka kushitaki baadaye aombe cheti cha daktari sasa hivi, wakati alama bado zipo.

Siri. Kifungu cha 73 cha Kanuni ya Adhabu kinamwadhibu mtoa huduma anayetoa siri ya kazi. Mwanamke anayefika anavuja damu anatibiwa, awe ameharibikiwa mwenyewe au ametolewa gizani. Swali la nesi ni "ulichukua nini, lini, kiasi gani", kwa ajili ya kumtibu. "Nani alikupa" halimtibu mtu.

Na usimfundishe mtu aseme amebakwa. Ni kosa lake na lako, na kuna jina la mwanaume litakaloandikwa pale.

Yaya_Espe:

Mdogo wangu, wenzangu wamekupa tarehe na sheria. Mimi nitakaa kwenye lile swali "wewe ungefanya nini".

Usilijibu, lakini usilikwepe pia kwa "mimi siwezi kukuambia", anaisikia kama mlango unafungwa. Mjibu: "Ningetaka kujua mambo kadhaa kwanza, tuyatazame pamoja." Halafu mwone peke yake. Mama, shangazi, bwana, mchumba, mama wa kanisa, wote wangoje nje kwa nusu ya kwanza ya mazungumzo, na uwaambie ni utaratibu wa kituo kwa kila mtu, ili asionekane yeye ndiye aliyewafukuza.

Swali la kwanza: nani mwingine anajua, na alisema nini? Acha amalize. Utasikia sauti za watu wanne kabla hujasikia yake. Ukishazisikia zote, uliza: "Kama hakuna mtu hata mmoja ambaye angejua, ungeelekea wapi?" Halafu geuza: "Na kama kila mtu angejua na hakuna angekulaumu?" Jibu likiwa lilelile mara zote mbili, anajua zaidi ya anavyodhani. Likibadilika, umepata kitu anachokiogopa, nacho ndicho cha kufanyia kazi. Mara nyingi ni mtu mmoja kwa jina lake.

Ile karatasi ya safu mbili, faida na hasara, sikushauri. Safu ya hofu inajaa haraka kwa sababu hofu ina maneno mengi tayari: baba atanifukuza, watu watasema, nitakufa. Mtu anahesabu mistari anaona ameshindwa. Mpeleke kwenye siku ya kawaida. "Ni Jumatatu ya wiki ijayo, umeamka, mimba haipo. Unafanya nini asubuhi? Nani yuko nawe?" Kisha: "Ni Jumatatu, mimba ipo, umeshaamua kuiweka. Asubuhi inakuwaje?" Rudia kwa mwaka mmoja mbele. Tazama mabega yake kuliko maneno.

Tofautisha huzuni na shaka. Mtu anaweza kulia sana na akawa na uhakika kabisa. Machozi hayamaanishi amekosea, na macho makavu hayamaanishi ameridhika. Marekani, Chuo Kikuu cha California, San Francisco, kiliwafuatilia wanawake karibu 1,000 kwa miaka 5, waliopata huduma na waliokataliwa kwa sababu wiki zilipita. Zaidi ya nusu ya waliopata walisema kuamua kulikuwa kugumu, na bado hisia iliyotajwa zaidi miaka yote hiyo ilikuwa kupumua, yaani kuona nafuu. Waliokataliwa walionekana na hali mbaya zaidi ya pesa. Marekani sio Kadutu, mtu hapa anabeba vita na kuhamahama juu ya mimba, lakini inatosha kukukataza kumwambia mtu "utajuta maisha yako yote".

Shaka ya kweli ina alama zake: anabadili jibu kutoka ziara moja hadi nyingine, anaomba wewe uweke tarehe, anasema "wamesema" kuliko "nataka". Huyo asianzishiwe dawa. Akishameza mifepristoni halafu akasita, mimba inaweza kuendelea au isiendelee, na atahitaji kufuatiliwa kwa karibu. Misoprostoli ni mbaya zaidi: ikishindwa na mimba ikaendelea, kuna hatari, ndogo lakini ipo, ya mtoto kuwa na kasoro. Kusubiri siku tatu ndani ya tarehe ya Mkunga ni nafuu.

Na wewe mwenyewe, kama imani yako inakataza, ni haki yako. Mwambie mwenzako amchukue siku hiyohiyo. Kumpa miadi ya wiki mbili mbele ukijua tarehe yake inapita, hiyo ni kumwamulia kwa ujanja.

Farmasi_Nguba:

Naongeza la kwetu, maana wengi wanapita farmasi kabla ya kufika kwenu, na wakifika hawasemi.

Misoprostoli inaharibiwa na unyevu. Inatakiwa ibaki ndani ya karatasi yake ya alumini, pande zote mbili, mpaka dakika ya kutumika. Vidonge vilivyotolewa vikawekwa kwenye kasasheti ka plastiki, viwili viwili, vimekaa wiki kwenye hewa hii ya ziwa, huenda havina nguvu tena. Mtu anavuja kidogo, anafikiri imetoka, anarudi wiki ya 15. Kwa hiyo ukisikia "nilishachukua dawa", uliza ilikuwa kwenye pakiti gani, vidonge vingapi, lini, na umpime wiki upya. Kipimo cha mkojo hakitakusaidia mapema: kinaweza kuendelea kusema ndiyo hadi wiki 4 baada ya mimba kutoka.

Kwinini nyingi kwa mara moja haitoi mimba kwa uhakika, inaharibu mapigo ya moyo, macho na masikio. Fuwele za pamanganeti ukeni ndizo zenye udanganyifu mkubwa: zinaunguza ukuta wa uke, damu inatoka nyingi, mwanamke anaamini imeisha, na mimba iko palepale. Akija na kidonda cheusi ukeni, usimhukumu, msafishe na umpime. Vijiti na waya, mnajua: kutoboka kizazi na tetenasi. Aliyepitia huko aulizwe chanjo yake ya tetenasi.

Na aliyebakwa jana asingoje kipimo cha mimba. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zianze ndani ya saa 72, ziendelee siku 28. Levonojestreli miligramu 1.5 inazuia mimba isiingie hadi saa 120, mapema ndiyo bora. Hapo hakuna cha kutoa, hakuna la kuamua.

APS_Kadutu:

Asanteni sana. Naandika yote. Swali moja zaidi: msichana wa 16, analetwa na shangazi, shangazi anasema "iishe leo leo, anarudi shule Jumatatu". Msichana hasemi neno. Metre amesema sheria inamfunika. Je, ridhaa ya shangazi inatosha?

Yaya_Espe:

Haitoshi. Kimya chake usikihesabu kuwa ndiyo. Mtenge na shangazi, mpe kalamu kama mdomo umegoma, muulize maswali ya kuitikia kwa kichwa: unajua kwa nini uko hapa? Umeambiwa kitakachofanyika? Unataka tuendelee? Kuna mtu nyumbani unayemwogopa? Hilo la mwisho ni muhimu mno, kwa sababu haraka ya mkubwa mara nyingine inamficha aliyempa mimba, na anaweza kuwa bwana wa shangazi huyohuyo. Kama ni maharimu, kumrudisha nyumba ileile jioni ni hatari kubwa kuliko mimba yenyewe. Tafuta pa kulala kwanza. Hospitali ya Panzi, hapa Bukavu, wana huduma ya daktari, saikolojia, wakili na msaada wa kijamii mahali pamoja, mpigie mwenzako wa kule kabla hajatoka ofisini kwako.

Shangazi usimfanye adui. Mpe kiti, mpe maji, mwambie: "Mama, umefanya vizuri kumleta. Tunahitaji saa moja naye." Ni yeye atakayemchemshia uji kesho.

Metre_Nyawera:

Nakubaliana na Yaya. OMS haidai ruhusa ya mzazi wala ya mume kuwa sharti. Andika kwenye faili kwamba msichana ameelezwa na amekubali mwenyewe, kwa maneno yake, pamoja na tarehe na saa. Akikataa, andika pia, na huduma isifanyike hata shangazi akilia.

Mama_CPN:

Mmeongea upande mmoja kwa kirefu, mwingine umepita kimyakimya. Mwanamke akiamua kuiweka, hapaswi kutoka na "hongera" mkononi, basi.

Aanze CPN (kliniki ya wajawazito) mara moja, mapema, sio mwezi wa sita kama ilivyo desturi. OMS inapendekeza kuonana na mtoa huduma mara 8. Chuma na asidi foliki kila siku, kipimo cha virusi vya Ukimwi na kaswende, shinikizo la damu kila ziara, chandarua, na vidonge vya SP vya kuzuia malaria kuanzia wiki ya 13, dozi tatu au zaidi, zikipishana mwezi mmoja. Kwa msichana mdogo tazama shinikizo kwa makini, na panga mapema azalie palipo na upasuaji. Nyonga nyembamba na uchungu wa siku mbili mbali na hospitali ndivyo fistula zinavyopatikana, na Panzi, tangu Dkt Denis Mukwege aianzishe mwaka 1999, wameshona nyingi.

Aliyeshauriwa "zaa umpe mtu" asilazimishwe kuahidi akiwa na mimba. Wengi wanampa bibi alee, hakuna karatasi, na mambo yanaenda. Lakini ahadi iliyotolewa mwezi wa nne kwa jirani asiye na mtoto, yenye pesa za CPN ndani yake, inageuka deni. Mwambie anaweza kungoja mpaka amzae na amwone.

Mtoto aandikishwe ofisini kwenye komuni ndani ya siku 90, hata kama baba hayupo. Mama mwenyewe anaweza kutangaza. Mwanaume akikataa, kuna kesi ya kutafuta ubaba, na hiyo Metre anaijua.

APS_Kadutu:

Mama, nimekusikia. La mwisho kwa Mkunga: aliyetoa, uzazi wa mpango unaanza lini? Hapa tunamwambia angoje hedhi.

Mkunga_Bagira:

Msimwambie hivyo tena. Yai linaweza kushuka kabla ya wiki mbili kuisha, hata siku ya nane, na hedhi itakuja baadaye, kama itakuja. Kijiti cha mkononi na sindano vinaweza kutolewa siku ileile ya kidonge cha kwanza. Vidonge vya kila siku vilevile. Kitanzi kiwekwe baada ya AMIU palepale mezani, au kwa vidonge, mkishahakikisha kizazi kimetoa chote. Kondomu kila wakati.

Ila toa maelezo hayo kabla ya huduma, akiwa na akili tulivu, na umwache akatae. Kuna vituo vinasema "hatukufanyii mpaka ukubali kijiti", na mwanamke anakubali, kisha wiki ya tatu anakwenda kukitoa kwa wembe kwa mtu wa mtaani. Akikataa leo, mpe miadi ya siku 14, na muweke nambari ya simu ambayo yeye mwenyewe anaishika, isiwe ya mume.